Mla Mbu wa Mbita na Kuta za Bugendana

Leo nataka tuzungumze juu ya kiumbe ambaye huenda yuko ukutani hapo ulipokaa, na ambaye kwa miaka yote ufagio wako umemfahamu kuliko macho yako.

Juma lililopita nilikuwa Bugendana, kolini huku kwetu Burundi, kwa shangazi yangu. Nyumba yake ni ya matofali ya udongo, juu bati, na dirisha moja dogo linatazama mashariki. Ilikuwa saa mbili asubuhi, jua limeingia na kuchora mraba wa mwanga ukutani. Katika ule mraba alikuwapo buibui mmoja, mdogo kama punje ya mchele, rangi yake karibu na ya udongo wenyewe. Hakuwa na tandabui. Hakuwa amejificha kwenye pembe. Alikuwa anatembea: hatua tatu za haraka, anasimama, hatua tatu, anasimama. Mbele yake, kiasi cha upana wa kiganja, alitua nzi mdogo wa ndizi.

Buibui akageuka. Si kichwa, mwili mzima uligeuka, kama askari aliyeitwa jina. Sasa nikamwona usoni: macho mawili makubwa mbele, meusi, yanang'aa, na pembeni yake mengine madogo. Akaanza kunyatia, taratibu mno hata nikadhani amesimama. Alipobakiza kama urefu wa ukucha, akashusha tumbo na kuligusisha ukutani kwa nukta moja, kisha akachupa. Nzi akawahi kuruka. Buibui akaanguka, lakini hakufika sakafuni. Akaning'inia hewani kwa uzi ambao jua tu ndilo liliuonyesha, akaupanda uzi wake mwenyewe, akarudi pale pale alipotokea. Ile nukta aliyogusa kabla ya kuruka ndipo alipoufunga uzi.

Shangazi akaingia na ufagio. "We mwana, unatazama nini ukutani kama mtu anayesoma barua?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akainama, akasogea, akakaa kimya kidogo. Yule buibui akageuka, akamtazama. "Kumbe ana macho," shangazi akasema. "Nawafagia hawa kila siku, sikujua kwamba wananiona." Kisha akaushusha ufagio, akaenda kufagia upande wa pili.

Nimekuja studio na maneno hayo ya shangazi, kwa sababu yanafungua vizuri habari ninayotaka kuisimulia.

Tukisikia neno buibui, wengi wetu tunafikiria utando. Wazee wetu Waislamu wametusimulia kisa cha pango la Thaur, jinsi buibui alivyotanda mlangoni na waliokuwa wakimwinda Mtume wakageuka. Watu wa pwani wameliita vazi jeusi la mwanamke buibui. Lakini wako buibui wengi wasiotega utando. Hawa wa ukutani wataalamu huwaita buibui warukaji, na jina la familia yao kwa Kilatini ni Salticidae. Ndiyo familia kubwa kuliko zote za buibui duniani. Spishi zilizokwisha kupewa majina ni zaidi ya 6,000. Mwaka 2022, orodha ya buibui wote wa dunia inayotunzwa kwenye makumbusho ya Bern, Uswisi, ilifikisha spishi ya 50,000, na huyo wa 50,000 naye alikuwa mrukaji, kutoka Amerika ya Kusini. Wakamwita Guriurius minuano.

Sasa twende Mbita. Mbita ni mji mdogo upande wa Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria. Pale kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, na hicho kituo cha Mbita leo kina jina lake. Katika nyumba za pale, ukutani na kwenye mashina ya miti, alikuwapo buibui mrukaji mwenye uso mwekundu. Watu wamelala naye nyumba moja vizazi na vizazi. Wamemfagia, kama shangazi. Hakuna aliyemwandika.

Mwaka 2003 ndipo alipoandikwa. Walioandika ni wawili: Wanda Wesołowska wa Chuo Kikuu cha Wrocław, Poland, mama aliyetumia maisha yake kuchunguza buibui warukaji wa Afrika na kuelezea mamia ya spishi, pamoja na Robert Jackson wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, ambaye alikuwa akifanya kazi pale Mbita. Makala yao katika jarida moja la Warszawa ni ya kurasa nne tu. Wakampa jina Evarcha culicivora. Hilo neno la pili maana yake ni mla mbu.

Hapa nakuomba, msikilizaji, tukae kidogo. Kumwelezea kiumbe mpya si kupiga picha na kutangaza. Ni kazi ya subira. Kwanza lazima umpate aliyekomaa, tena ikiwezekana dume na jike, kwa maana watoto wa buibui wanafanana hata mtaalamu hupotea. Unamhifadhi kwenye kichupa cha spiriti. Ndani ya kile kichupa, pamoja na buibui, unatia kipande cha karatasi: nchi, mahali, tarehe, amepatikana juu ya nini, nani amemkamata. Unaandika kwa penseli, kwa sababu wino wa biki huyeyuka katika spiriti na habari yote ikapotea. Mimi napenda sana hicho kipande cha karatasi. Buibui asiye na karatasi ni maiti tu. Mwenye karatasi ni shahidi.

Kisha darubini. Kwa buibui, rangi hudanganya. Dume na jike wa spishi moja huweza kuonekana kama wa koo mbili. Kinachosema kweli ni viungo vya uzazi. Dume ana vikono viwili karibu na mdomo, na ncha za vikono hivyo zimevimba kama ngumi ya bondia; ndani ya ile ngumi mna umbo lake maalumu, mwiba uliopinda hivi, kifuko kilichokaa vile. Jike naye ana umbo lake chini ya tumbo. Vinaoana kama ufunguo na kufuli, na kila spishi ina ufunguo wake. Mwandishi anachora ule ufunguo mstari kwa mstari, anapima miguu na mgongo kwa milimita, anasoma maelezo ya jamaa zake wote waliokwisha kuandikwa, awe na uhakika kwamba huyu hajawahi kupewa jina na mtu mwingine. Kusoma huko kunaweza kumrudisha nyuma sana: majina ya buibui yanahesabiwa tangu mwaka 1757, katika kitabu cha Carl Clerck wa Uswidi, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha mtaalamu Linnaeus, ambacho majina ya wanyama wengine wote yanaanza kuhesabiwa kwacho. Wanafunzi wa biolojia wanaonisikiliza, hilo swali hamtaulizwa kwenye mtihani, lakini ni vizuri kulijua.

Mwisho anachaguliwa buibui mmoja kati ya waliokusanywa kuwa kielelezo. Huyo anawekwa makumbusho miaka yote, na jina linafungwa kwake. Akitokea mtu miaka mia ijayo na kusema "huyu wangu ni culicivora," atapelekwa kwa yule wa kwanza alinganishwe.

Utaniuliza, sasa jina limeleta nini? Limeleta hivi. Buibui akiisha kuwa na jina, watu wawili walio mbali wanaweza kuzungumza juu ya kiumbe mmoja na kuwa na hakika ni yule yule. Ndipo maswali yanaanza. Mwaka 2005, miaka miwili tu baada ya kuandikwa, Jackson pamoja na watafiti wenzake, Ximena Nelson na Mkenya Godfrey Otieno Sune, walichapisha habari iliyowashangaza wengi: buibui huyu anakula damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, lakini hainywi yeye mwenyewe. Mdomo wake hauwezi kutoboa ngozi ya mtu. Anasubiri mbu jike anyonye, ashibe, atue ukutani kupumzika. Hapo anamrukia, na ile damu inakuwa yake. Akiwekewa mbu aliyeshiba damu na mdudu mwingine wa ukubwa ule ule asiye na damu, anachagua mwenye damu.

Mwaka uliofuata Nelson na Jackson wakaonyesha jambo zito zaidi: kati ya mbu na mbu, huyu anampendelea Anofelesi. Ndiye mbu anayebeba malaria. Anamjuaje? Kwa anavyokaa. Ukimwangalia mbu wa kawaida, yule Kuleksi wa mitaroni, mwili wake unalala sambamba na ukuta. Anofelesi huinua tumbo lake, anakaa kama msumari uliopigwa mshazari. Watoto wadogo wa buibui huyu wana hata mbinu ya pekee kwa ajili ya Anofelesi: wanazunguka njia ndefu, wanatokea nyuma, wanaingia chini ya lile tumbo lililoinuka, na kurukia kutoka chini. Mbu wa aina nyingine hawamwendei hivyo.

Baadaye, mwaka 2012, watafiti hao walitengeneza mbu wa picha kwenye kioo kidogo, wakawa wanabadilisha kiungo kimoja kimoja. Tumbo jekundu, tumbo lisilo na wekundu. Vipapasio vyembamba vya jike, vipapasio vyenye manyoya vya dume. Wekundu wa tumbo peke yake haukutosha. Buibui alitafuta tumbo jekundu na vipapasio vya jike kwa pamoja. Fikiri, msikilizaji: kiumbe asiyefika urefu wa ukucha wa kidole chako cha mwisho anasoma tumbo, anasoma vipapasio, anasoma mkao, kisha anaamua. Macho yale mawili makubwa ya mbele yamejengwa kama darubini mbili ndogo. Lenzi imefungwa mahali pamoja, ila mrija ulio nyuma yake unachezacheza ndani ya kichwa, ukipitia kitu kipande kwa kipande. Macho mengine sita kazi yake kubwa ni kumwambia kuna kitu kimesogea wapi. Ndiyo sababu aligeuka mwili mzima pale Bugendana: jicho la pembeni lilimwita, akaleta macho makubwa yaje kutambua.

Na ile nguvu ya kuruka haitoki kwenye misuli minene kama ya panzi. Buibui hunyoosha miguu kwa kusukuma maji ya mwili wake, damu yake, iingie miguuni kwa ghafla. Ndiyo maana buibui aliyekufa na kukauka anakunja miguu; hakuna kinachosukuma tena.

Pia ananusa. Mtafiti Fiona Cross na Jackson walionyesha kwamba huvutwa na harufu ya lantana, kile kichaka cha maua madogo ya rangi mchanganyiko ambacho watu hupanda kuwa ua, na ya mbarika. Mwaka 2011 wakatoa habari ya soksi: soksi zilizovaliwa na mtu ziliwavuta buibui kuliko soksi safi. Harufu ya binadamu kwake ni dalili kwamba hapa pana chakula, kwa sababu penye watu pana mbu walioshiba. Anatukaribia kwa ajili ya kile kinachotuuma.

Sasa nirudi nyumbani. Msikilizaji wa Muyinga, wa Karuzi, wa Gitega, huhitaji nikufundishe malaria. Wazee wanakumbuka mlipuko wa mwaka 2000 na 2001 uliopanda hadi huku milimani ambako watu walizoea kuiona malaria kama ugonjwa wa bondeni kule Imbo. Mwezi wa Machi 2017 serikali ilitangaza rasmi kwamba malaria imekuwa janga nchini. Tumelima mabonde kwa ajili ya mpunga, na tulikuwa na haki ya kulima, watu wanataka kula. Lakini maji yaliyotuama kwenye mpunga yamempa Anofelesi mahali pa kutagia, karibu kabisa na nyumba zetu.

Na hayo maji yetu yanakwenda wapi? Vijito vya vilima vya Gitega vinaingia Ruvubu, Ruvubu inapita Muyinga na kuungana na Kagera, na Kagera inamwagika Ziwa Victoria. Mla mbu wa Mbita, ambaye sayansi inamjua kutoka pembezoni mwa ziwa hilo upande wa Kenya na Uganda, anakaa mwisho wa safari ya maji yaliyoanzia kwetu. Sikuambii kwamba yule niliyemwona kwa shangazi ni yeye. Uso wake haukuwa mwekundu, na kama nilivyokwisha kueleza, kwa macho matupu mtu hawezi kuapa. Ninachokuambia ni kwamba alipaswa kuwa na karatasi yake ya penseli, na hana.

Tena nisieleweke vibaya. Asitokee mtu akasema redio imetangaza kwamba buibui wanatibu malaria. Buibui hatoshi. Anakula mbu, ndiyo, lakini mbu ni wengi kuliko hamu yake, na yule aliyekwisha kushiba damu amekwisha kukuuma. Chandarua chenye dawa ndicho kinga, na homa ya mtoto ni ya kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Buibui mwache afanye yake.

Jambo linaloniuma ni jingine. Viumbe wengi wa nchi hii waliopata majina, vielelezo vyao vimelala mbali. Makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, yana hazina kubwa ya buibui wa Afrika ya Kati, waliokusanywa tangu enzi za wakoloni. Sisemi wameibwa, nawashukuru waliowatunza, maana spiriti ile isingeongezwa wangeoza. Lakini kijana wa Bugendana akitaka kujua kama aliyemkamata ana jina, hana pa kwenda na kichupa chake. Pale Mbita mambo yalikwenda mbele kwa sababu kituo kilikuwapo papo hapo, mlango wa maabara umetazamana na ukuta wa nyumba ya mtu, na Wakenya wakafanya kazi hiyo hadi majina yao yakachapishwa pamoja na ya wageni. Ukaribu huo ndio ninaoutaka kwetu.

Gitega tuna Makumbusho ya Taifa, yamekuwapo tangu mwaka 1955. Ukiingia utaona vikapu, ngoma, vyombo vya ufalme, vitu ambavyo kila Mrundi anajivunia. Naomba wahusika watenge rafu moja. Rafu moja tu ya vichupa, yenye viumbe wadogo wa kolini zetu, kila mmoja na karatasi yake, na kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Burundi aliyefundishwa kuvitunza. Walimu wa sayansi wa lise za Bugendana na Muyinga mna wanafunzi wenye macho makali kuliko yangu na yako. Wapeni penseli, wapeni kichupa kilichokwisha dawa na kuoshwa vizuri, waambieni waangalie kuta za nyumbani kwao. Mtoto akikuletea buibui, usimcheke. Muulize: ulimpata wapi, lini, alikuwa anafanya nini?

Na wewe mama, na wewe baba unayenisikiliza jioni hii, redio iko mezani na watoto wamekwisha kula: kabla ya kulala, elekeza tochi ukutani, juu kidogo ya kitanda, mahali mbu wanapopenda kutua. Ukimwona mdogo asiye na utando, anayetembea hatua tatu na kusimama, usimfagie. Mwite mtoto amtazame. Kisha shusha chandarua chako, ukichomeke vizuri chini ya godoro, na ulale salama.